Land Rover Kuukuu za Bariadi: Lini Fundi Ashike Msumeno?

Katika nchi ya Wasukuma kila udongo una jina lake. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinukoni. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huvimba na kunata mithili ya ulimbo. Msafiri atokaye Bariadi kwenda Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, siku hizi hupita juu ya lami. Lakini yule anayeelekea kwenye mashamba ya pamba ya Itilima au Meatu siku ya mvua hana budi kuikabili mbuga yenyewe, na huko ndiko Land Rover ilikojipatia heshima yake. Kwa miongo kadhaa gari hilo lilimbeba bwana shamba, mganga, padri na askari wa wanyamapori. Simiyu ilipotengwa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa mwaka 2012, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kwa sehemu kubwa na Toyota Land Cruiser.

Hata hivyo Land Rover hazikutoweka. Nyingine zingali zinabeba maji na magunia, nyingine zimelala chini ya miembe, kuku wakitaga viti vya nyuma. Na kila moja kati ya hizo ina mwenyewe ambaye, siku moja au nyingine, huulizwa na fundi swali lile lile: tukate?

Tuchukue mfano. Marehemu mzee fulani ameacha Land Rover ya mwaka 1972, ile ndefu iitwayo 109 kwa kuwa umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109, yaani kama sentimita 277. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25 imechoka. Kaka mkubwa anataka gari lifanye kazi msimu huu wa pamba: iwekwe injini ya Toyota, bodi ikatwe nyuma ya viti vya mbele, liwe pikapu. Dada yake hataki. Anasema gari la baba likikatwa halitakuwa la baba tena. Fundi anasubiri na mtungi wake wa gesi. Ni nani mwenye haki? Sayansi haiwezi kuamua ugomvi wa urithi, lakini inaweza kuwaeleza wote wawili ni jambo gani hasa litakalotendeka moto ukiwashwa.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma cha pua na cha kawaida kiligawiwa kwa kibali, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa nyingi. Kwa sababu hiyo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walitengeneza chasisi ya chuma, wakaivika bodi ya aloi ya alumini na magnesi. Uamuzi uliotokana na uhaba ukageuka kuwa sifa: bodi haili kutu kama bati la chuma. Lakini aloi hiyo ina tabia moja ambayo mwenye msumeno anapaswa kuijua. Ugumu wake hutokana na kufinywa na kuviringishwa ikiwa baridi kiwandani. Ikipashwa moto sana hulegea, na haiwezi kurudishiwa ugumu ule kwa kuipoza. Zaidi ya hayo, alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi hivi, ilhali ngozi nyembamba ya oksidi inayoifunika haiyeyuki mpaka ipate nyuzi 2,000 na ushei. Fundi aliyezoea chuma husubiri metali iwe nyekundu kabla ya kuyeyuka. Alumini haigeuki rangi hiyo, huporomoka ghafla. Ndiyo maana bodi nyingi zilizochomelewa vijijini zina matundu yaliyozibwa juu ya matundu.

Chasisi nayo ina hesabu yake. Ni boriti mbili ndefu zilizoundwa kwa mabamba ya chuma ya unene wa milimita 2 hivi, yaliyounganishwa kuwa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Wanafunzi wa kidato cha tano watakumbuka kwamba boriti inapopinda kwa uzito, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na katikati upo mstari usiobanwa wala kuvutwa. Tundu la bolti likitobolewa karibu na mstari huo wa katikati hupunguza nguvu kidogo tu. Tundu hilo hilo likitobolewa ukingoni, juu au chini, huwa mwanzo wa ufa. Na tope la mbuga likiingia ndani ya sanduku hilo hukaa na unyevu wake hata kiangazi, kutu ikila kutoka ndani huku rangi ya nje ingali nzuri. Nyundo ndogo hufichua siri: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya debe lenye nguo.

Tuje kwenye injini. Injini ya Land Rover ile ya dizeli hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 140 hivi. Injini ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, ambayo wengi huipenda kwa uvumilivu wake, hutoa karibu 285, yaani mara mbili. Kaka mkubwa husikia habari hiyo akafurahi. Lakini nguvu hiyo hupitia kwenye giaboksi, difu na shafti za ekseli ambazo wahandisi walizipima kwa injini ndogo. Na shafti za nyuma za Land Rover za miaka hiyo zilisifika kwa kukatika hata kwa injini yake yenyewe. Kwa hiyo anayebadili injini hubadili giaboksi, kisha ekseli, kisha sehemu za kuzishikilia, na chasisi hukatwa kila hatua. Mwisho anabaki na Toyota iliyovaa kofia ya Land Rover.

Kisha kuna breki, jambo ambalo kwa haki lingepaswa kutangulia. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari lenye kilo 2,000 pamoja na mzigo, likienda kilomita 60 kwa saa, lina nishati ya jouli 278,000 hivi. Likienda kilomita 90 lina jouli 625,000. Kasi imeongezeka nusu, nishati imezidi mara mbili na robo, na yote hapana budi igeuzwe kuwa joto na breki za ngoma za mwaka 1972. Anayeweka injini kubwa bila kugusa breki ameongeza upanga akasahau ngao. Kinyume chake, anayeweka breki bora na mikanda ya usalama katika gari ambalo bado linabeba watu hastahili kulaumiwa na mpenda mambo ya kale yeyote, hasa kama vifaa hivyo vimefungwa kwa bolti.

Tofauti kati ya bolti na moto ndiyo kiini cha shauri hili. Mwaka 1974 wanauchumi Kenneth Arrow na Anthony Fisher waliandika juu ya maamuzi yasiyorudishika, wao wakifikiria mazingira ya asili, kama bonde likijazwa maji ya bwawa. Hoja yao hufaa hata kwa gari, na mfano mdogo wa kubuni utaionyesha. Tuseme gari likikatwa lina thamani ya milioni 10 kwa mwenyewe. Likiachwa kama lilivyo, baada ya miaka mitano huenda likawa na thamani ya milioni 16, au milioni 4, na hakuna ajuaye. Nafasi ni nusu kwa nusu. Wastani wa 16 na 4 ni 10, kwa hiyo mtu wa haraka atasema ni sawasawa, tukate. Amekosea. Anayesubiri hafungwi na ile 4: bei ikishuka, anaweza kukata wakati huo na kupata 10 yake. Anayesubiri basi ana 16 au 10, wastani wake 13. Ile tofauti ya 3 ni thamani ya kutokukata leo, na aliyekwisha kukata hanayo, kwa maana hawezi kukata kinyumenyume.

Lakini kusubiri nako kuna gharama. Gari lililolala chini ya mwembe miaka mitano halikuleta hata gunia moja la pamba ghalani, na katika nyumba ambayo ada ya shule hutoka kwenye pamba hiyo, hasara hii si ya kudharauliwa. Ikizidi milioni 3, hesabu inamwelekea kaka mkubwa. Mpira hukauka, panya hula nyaya, na pale alumini inapogusana na chuma kwenye unyevunyevu hutokea seli ya kemikali inayoila alumini polepole mpaka iwe unga mweupe. Kutokufanya lolote nako ni badiliko lisilorudishika, ila tu halina kelele.

Je, bei itapanda? Land Rover za mfululizo huo wa kale ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, na uzalishaji wa mrithi wao, Defender ya awali, ulikoma mwaka 2016. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha kwa tamasha maalumu, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lingechekesha. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30 likiwa limehifadhiwa katika hali yake halisi, na Mkataba wake wa Turin hupendekeza kwamba badiliko lolote la lazima liwe la kuondoleka na liandikwe kumbukumbu. Lakini uhalisi usigeuzwe ibada. Kiwanda chenyewe kilihamisha taa kutoka kwenye wavu wa mbele kwenda kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye kikaacha dainamo kwa altaneta. Na kichanja cha mizigo kilichochomelewa na fundi wa Shinyanga miaka ya 1970 ni sehemu ya historia ya gari hilo kama ilivyo nembo ya kiwanda.

Yako pia mabadiliko yasiyorudishika ambayo hayana budi. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ile, pamoja na sumu yake, ilikuwa ikikinga viti vya vali za kutolea moshi katika injini nyingi za zamani. Kuchonga kichwa cha silinda na kupachika viti vigumu zaidi ni kukata kweli kweli, lakini huokoa kile kinachokatwa.

Kwa ile 109 ya urithi, njia ya katikati ipo. Injini yenyewe ya dizeli inaweza kuchongwa silinda na kuwekewa pistoni za saizi kubwa, breki zikaboreshwa kwa bolti, na mzigo ukawekwa kwenye tela. Bodi ndefu ya 109 yenyewe hufunguka kwa nati: paa na ubavu huondolewa kwa spana, na pikapu hupatikana bila msumeno. Na kama familia itaamua kuweka injini nyingine hata hivyo, namba ya injini katika kadi ya usajili ibadilishwe kwa mamlaka husika, kila hatua ipigwe picha, na ile namba iliyogongwa mbele ya chasisi, upande wa kulia, isiguswe na moto. Injini ya kale isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Imwagiwe oili safi ndani ya silinda, matundu yote yazibwe kwa vizibo vya mbao, kisha iwekwe juu ya mawe ndani ya ghala, mbali na sakafu, kwa sababu mchwa wa Bariadi hawali chuma lakini watakula vizibo.