Istilahi za Mwonjaji wa Divai

Mwonjaji wa divai hufanya kazi kwa ulimi na kwa maneno pia. Kila siku huweka bilauri kadhaa mbele yake; hutazama rangi, hunusa, huonja funda moja na kulitema, kisha huandika. Aliyoyaandika ndiyo yamfikiayo mnunuzi. Kwa kuwa Dodoma hulimwa zabibu zivunwazo mara mbili kwa mwaka, na divai hutengenezwa huko huko, maandishi hayo hayana budi kupatikana kwa Kiswahili kilicho wazi. Hapa tunatumia neno "divai", kwa sababu "mvinyo" limetumika pia kwa vileo vikali.

Tatizo la kwanza ni uchachu. Twasema ndimu ni chachu, na twasema mchuzi umechacha. La kwanza ni sifa, la pili ni hasara. Divai yo yote huwa na asidi, na ikipungukiwa nayo hupooza. Lakini divai iliyogeuzwa na bakteria kuwa siki imeharibika. Afisa akiandika "divai hii imechacha" kumbe ana maana ya asidi ya tunda, mnunuzi aweza kuikataa divai njema, na mkulima akapata hasara asiyostahili.

La pili ni ukakasi. Maganda na kokwa za zabibu zina tanini, ambayo huukaza ulimi na ufizi. Mfasiri asiyeangalia ataandika "uchungu". Uchungu ni wa shubiri. Huu ni ukakasi, ule ule wa bibo na ndizi mbichi. Neno tunalo, hapana haja ya kuazima.

La tatu ni maneno yaliyofasiriwa kisilabi. Waingereza huiita "kavu" divai ambayo sukari yake karibu yote imekwisha kugeuka kileo. Kwetu, kitu cha majimaji hakiwi kikavu. Afadhali "isiyo tamu". Vivyo hivyo, divai haina "mwili". Ina uzito, kama uji ulivyo mzito au mwepesi.

Kuhusu harufu, Kiswahili kina utajiri: kinachonukia hupendeza, kinachonuka huchukiza. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, walipendekeza utaratibu wa istilahi za harufu ya divai. Msingi wake ni kwamba neno litaje kitu kijulikanacho, wala si sifa tupu kama "ya kifahari". Msingi huo watufaa. Divai iliyokaa katika mapipa ya mwaloni huweza kunukia karafuu, kwa kuwa yujenoli, kiini cha harufu ya karafuu, imo pia katika mti huo. Msomaji wa Pemba ataelewa mara moja.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Uchachu: ladha ya asidi ya tunda.
Kuchacha: kuharibika na kuelekea siki.
Uchachukaji: sukari kugeuka kileo kwa hamira.
Ukakasi: mkazo wa tanini kinywani.
Isiyo tamu: iliyokwisha sukari yake, au karibu yote.
Uzito: jinsi divai inavyojaa kinywani.

Haya ni mapendekezo tu; hayajasanifiwa. Wafasiri, walimu na hasa wakulima wa zabibu wenye maneno yaliyo bora zaidi wanaombwa watuletee.