Mbona Mshale Hauendi Ulikolengwa?

Mtu akikosa shabaha mara tatu husema upinde wake umerogwa, au mkono una nuksi. Hebu tuache habari za kurogwa. Mshale ukienda upande, iko sababu, na sababu hiyo inaweza kutafutwa mpaka ikaonekana.

Upinde si kitu kigeni kwetu Masasi na Newala. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda mpaka Newala, akiangalia maisha ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 alieleza pia upinde na mishale ya wazee wetu, hata namna vidole vinavyoshika ugwe, yaani uzi wa upinde.

Lakini kwanza usalama. Mshale uliokosa shabaha haupotei hewani. Huanguka mahali, na mahali penyewe panaweza kuwa chini ya mkorosho ambapo mama na watoto wanaokota korosho. Kwa hiyo jifunzie mahali pa wazi. Jaza gunia majani makavu, likaze vizuri, liegemeze kwenye kichuguu kikubwa, kisha rudi nyuma hatua 15. Kichuguu kitapokea mishale itakayokosa gunia. Mtu yeyote asisimame mbele yako wala karibu na gunia, hata akijisifu kuwa ni hodari wa kukwepa.

Wengine watauliza, "Je, na nguruwe anayechimba muhogo wetu usiku?" Kuwinda mnyama wa porini bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama silaha yako ni upinde tu. Peleka habari kwa serikali ya kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe. Tena nguruwe aliyejeruhiwa ana hatari kuliko mzima. Hapa tunazungumza juu ya kulenga gunia.

Haya, sasa tutafute ugonjwa. Watu wengi hupiga mshale mmoja, ukienda kushoto wanaanza kukaza ugwe, kuchonga upinde, kubadili manyoya. Mshale mmoja haukuambii kitu. Piga sita bila kubadili jambo lolote, halafu nenda ukatazame ilipochoma.

Ikiwa yote imekaa pamoja lakini pembeni ya alama, usihuzunike. Mkono wako ni mzuri, maana unafanya jambo lile lile kila mara. Imebaki kuhamisha mahali unapolenga, au kuangalia ugumu wa mishale, kama tutakavyoeleza. Lakini ikiwa imetawanyika kama vifaranga walioona mwewe, ama mkono haujatulia, ama mishale hailingani.

Utajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Andika namba kwenye kila mshale, kuanzia 1 mpaka 6. Chukua daftari. Piga yote sita, andika kila namba imekwenda wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Fanya hivyo mara tano. Ukiona namba 4 inakwenda kushoto kila mara, basi namba 4 ndiyo mgonjwa. Iweke kando. Lakini kama leo ni namba 4, kesho namba 2, kesho kutwa namba 6, usiilaumu mishale. Mgonjwa ni wewe mwenyewe.

Mshale mgonjwa hutambulikana. Ushike mbele ya jicho moja, utazame urefu wake kama fundi anavyotazama ubao. Ukiona kona, upashe moto kidogo kisha unyooshe polepole. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao upinde ndio jembe lao, hunyoosha mishale kwa meno. Angalia na manyoya. Yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja wa ndege. La kulia na la kushoto hupinda tofauti, na ukiyachanganya mshale hauzunguki vizuri.

Liko jambo jingine ambalo macho hayawezi kuliona. Ugwe unapousukuma mshale, mshale haubaki umenyooka. Hupinda, ukaupita upinde ukicheza kama samaki majini, kisha manyoya huutuliza. Ndiyo maana ugumu wa mshale lazima ulingane na nguvu za upinde. Kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia, akiwa ameuweka mshale upande wa kushoto wa upinde, mshale mlegevu mno huenda kulia, na mgumu mno huenda kushoto. Kumbe mshale mzuri kwa upinde wa kaka yako unaweza kuwa mbaya kwa wako!

Tuje kwa mpigaji. Makosa ni yale yale kila mahali. Leo anavuta ugwe mpaka shavuni, mara nyingine anaishia kifuani. Akivuta kidogo, mshale huanguka chini. Chagua mahali pamoja, kwa mfano pembe ya mdomo, na kidole kifike hapo kila mara. Wengine wanaukaba upinde kama wanakaba mwizi, nao unageuka mkononi. Ushike kwa ulegevu. Wengine, mara wakiachia, wanashusha mkono ili waone mshale umekwenda wapi. Usiuchungulie! Kaa vile vile mpaka usikie umegonga gunia.

Mishale ikitawanyika juu na chini tu, tazama ugwe. Pengine kila mara unapachika mshale mahali tofauti. Funga kiuzi cha rangi kwenye ugwe pawe ndipo pa kupachika siku zote. Ni kazi ya dakika mbili.

Huko nje wanao upinde wenye magurudumu mawili kwenye ncha zake. Mmarekani Holless Wilbur Allen alipata hati ya ugunduzi huo mwaka 1969. Magurudumu hupunguza uzito ugwe ukishavutwa mpaka mwisho, ili mpigaji alenge bila kutetemeka. Umepangwa kuingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Unaugua magonjwa haya haya, na mengine ya kwake: gurudumu moja likitangulia jingine kuzunguka, mshale huenda juu au chini. Wenye pinde hizo nao huanza kwa kupiga mishale kadhaa na kutazama ilipokusanyika.

Mwisho ni habari ya mvua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, ugwe wa mishipa ya mnyama hunyonya unyevu na kulegea, na mti wa upinde hupoteza nguvu. Basi mtu aliyelenga vizuri Oktoba anashangaa Januari mishale yote inaanguka chini. Usikaze ugwe kwa hasira. Legeza ugwe kila ukimaliza kazi, utundike upinde mahali pakavu, lakini si juu ya moshi mkali wa jiko. Na usiuvute ukauachia mtupu bila mshale. Nguvu yote hurudi kwenye mti wenyewe, nao unaweza kupasuka usoni pako.