Tochi isiyoingia moto

Katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa Tanganyika, mama mzalisha alikuwa na tochi moja tu. Kijiji hicho hakina nguzo za umeme. Mtu akija usiku kupiga hodi, "Mama, njoo upesi, uchungu umeanza," mama huchukua mfuko wake na tochi yake, akafuata njia ya katikati ya mihogo. Usiku mmoja wa mvua tochi ikazima njiani. Akafika akipapasa, na mtoto akapokewa kwa mwanga wa kuni. Mzazi na mtoto walikuwa wazima, lakini mzalisha hakufurahi. Kwa mwanga wa kuni ni vigumu kujua kama damu inatoka nyingi ao kidogo.

Asubuhi akamtuma mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la tano, aipeleke kwa fundi wa sokoni mwenye mashini ya umeme. Tochi ikakaa katika prizi mchana kutwa. Jioni mtoto akabonyeza kifungo: giza. Basi akatafuta kisu, akataka kuifungua palepale, ingali katika prizi. Fundi akapiga kelele: "Acha! Ondoa mkono!"

Kwa nini alipiga kelele? Tazama tochi ya namna hii. Mgongoni ina meno mawili ya chuma ya kutia katika prizi. Moto wa prizi una nguvu ya volti 220, na batri ya tochi yataka volti 4 hivi tu. Katika vyombo vilivyotengenezwa vema mna kigeuzi: hupunguza nguvu ile, tena hutenga moto mkubwa na moto mdogo, visigusane. Katika tochi nyingi za bei ndogo kigeuzi hicho hakimo. Mna kidude tu kinachozuia sehemu kubwa ya moto usipite, lakini hakitengi kitu. Kwa hiyo tochi ikiwa katika prizi, kila chuma cha ndani, hata miguu ya batri, chaweza kuua mtu. Na kidude kile huweza kushika moto kwa muda hata baada ya tochi kutolewa. Fundi huitoa kwanza, hungoja, ndipo hushika bisibisi. Mtoto haifungui kamwe, hata ikiwa nje ya prizi.

Ugonjwa wa tochi hutafutwa kutoka nje kwenda ndani. Fundi akaitoa tochi, akatia simu yake katika prizi ileile. Simu ikaanza kupokea moto. Basi prizi ilikuwa hai. Akatazama meno ya tochi: yalikuwa na kutu kidogo. Akayapangusa kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Mtoto akashangilia: "Papa fundi, moto unaingia!"

"Hapana, mwanangu. Taa hii yasema tu kwamba moto umefika mlangoni. Haisemi kama umeingia nyumbani."

Tochi nyingine hazina meno. Huingizwa moto kwa waya mwembamba, kama simu. Kwa hizo fundi huanza na waya. Waya hukatika ndani, karibu na kichwa, mahali unapokunjwa kila siku, na kwa nje hauonyeshi jeraha. Dawa ni kujaribu waya mwingine. Tundu la tochi nalo hujaa vumbi na nyuzi za mfuko wa nguo. Husafishwa kwa kijiti kikavu cha mti, si kwa sindano. Tena kuna tochi zinazokataa waya wenye vichwa viwili vinavyofanana, zikakubali ule wenye kichwa kimoja kipana. Mtu asiyejua hilo hutupa tochi nzima. Na tochi mpya mara nyingine huwa na kipande cha karatasi ao cha plastiki kilichowekwa mbele ya batri kiwandani. Kisipoondolewa, moto haupiti, hata ukingoja juma zima.

Tochi ya mama mzalisha haikuwa na kosa lolote la namna hiyo. Fundi akaitoa katika prizi, akangoja, akaifungua, akapima batri. Haikufika hata volti moja.

"Bibi yako aliiweka tochi hii pahali kwa siku nyingi?"

"Ndiyo, Papa. Alikwenda Kalemie kwa miezi mitatu. Tochi ilibaki sandukuni. Aliporudi, iliwaka robo saa tu, ikazima."

Hapo ndipo ugonjwa ulipoonekana. Batri hii ni ya risasi, yaani chuma kile kizito na laini. Mfaransa Gaston Planté aliivumbua namna hiyo mwaka 1859. Ndani mna vibao vya risasi katika maji makali ya asidi. Moto unapotumika, vibao hufunikwa na unga mweupe. Moto unaporudishwa, unga huyeyuka. Lakini batri ikiachwa tupu majuma mengi, unga ule hugeuka kuwa chembe ngumu, kama chumvi iliyoganda katika gunia, na moto mpya haupati pa kupita. Batri ya risasi huua mwenyewe kwa kulala na njaa.

Mtoto akaona mezani batri nyingine, nyembamba na nyepesi, akauliza kama haifai. Hiyo ilikuwa ya litiumu. Batri nyingi za namna hiyo, ingawa si zote, zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, pande za Kolwezi na Likasi. Ni batri nzuri, lakini yataka chombo chake cha kuiingizia moto. Ikitiwa katika tochi iliyotengenezwa kwa risasi, huweza kupokea moto kupita kiasi, ikavimba, ikawaka. Iliyokwisha kuvimba haitobolewi wala haiingizwi moto tena.

Fundi akatia batri mpya ya risasi, ya volti 4 kama ile ya kwanza. Ya kale hakuitupa chooni wala motoni, maana risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Akaifungia katika ndoo yenye kifuniko, mbali na chakula.

Mama mzalisha alipopata tochi yake, akachukua kalenda ya ukutani, akatia alama kila Dominika. Siku hiyo, baada ya Misa, mjukuu huipeleka tochi sokoni, iwe imetumika ao haikutumika.