Sasisho Linapokwama: Uchunguzi wa Hitilafu katika Mfumo Endeshi Uliohamishiwa Simu Tamba

Utangulizi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kazi zote za tarakilishi au simu tamba. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaoongoza kioo, redio na kamera, na unaozipa programu nyingine ruhusa ya kufanya kazi. Simu nyingi duniani huuzwa zikiwa na Android au iOS. Baada ya miaka kadhaa, mtengenezaji huacha kutoa masasisho ya usalama, na simu ambayo bado ni nzima hubaki bila kinga dhidi ya wadukuzi. Ili kuirefushia maisha, baadhi ya watumiaji huuondoa mfumo wa awali na kuweka mfumo mbadala. Kazi ya kuuwezesha mfumo huo kukaa katika simu ambayo haikuundiwa ndiyo inayoitwa hapa uhamishaji.

Uhamishaji hauishi siku mfumo mpya unapowaka kwa mara ya kwanza. Kila sasisho linalofuata ni mtihani mpya, na wengi huanguka hapo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchunguza sasisho lililokwama, kwa kutumia mfano wa Ubuntu Touch. Hoja kuu ni kwamba hitilafu ya namna hii aghalabu huwa katika mshono unaounganisha sehemu zilizotoka katika mikono tofauti. Kwa sababu hiyo, njia ya hakika ya kuipata ni kuuliza simu ilifika hatua gani kabla ya kukwama.

Usuli wa Ubuntu Touch

Ubuntu Touch ilitangazwa Januari 2013 na Canonical, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe si geni kwa mwanafunzi wa isimu ya Kibantu. Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni, na ni ndugu wa utu katika Kiswahili. Tofauti yake ni kwamba Kiswahili kilidondosha nazali iliyotangulia konsonanti isiyo ghuna, kama ilivyo katika mtu na umuntu.

Simu ya kwanza yenye mfumo huu, Aquaris E4.5 ya kampuni ya BQ ya Uhispania, iliuzwa mwaka 2015. Tarehe 5 Aprili 2017, Shuttleworth alitangaza kwamba Canonical ingeacha kazi hiyo. Jumuiya ya kujitolea ya UBports, iliyoanzishwa na Marius Gripsgård, iliipokea na kuiendeleza. Tangu hapo, uhamishaji wa mfumo huu umetegemea zaidi watu wanaojitolea, kila mmoja akiitunza simu anayoijua.

Tabaka za Mfumo Uliohamishwa

Mfumo uliohamishwa una tabaka nne. La chini kabisa ni maunzi pamoja na programu za ndani zinazoyaendesha, ambazo mtengenezaji huzitoa bila kufichua misimbo yake. Juu yake kuna kiini, yaani sehemu ya Linux inayozungumza na maunzi. Tabaka la tatu ni kasha dogo la Android, ambalo huhifadhiwa kwa sababu viendeshi vya kamera, vitambuzi na redio viliandikwa kwa ajili ya Android pekee. La nne ni Ubuntu yenyewe, anayoiona mtumiaji.

Ubuntu na Android hutumia maktaba tofauti za msingi, kwa hiyo programu ya upande mmoja haiwezi kuita kiendeshi cha upande wa pili moja kwa moja. Kati yake huwekwa libhybris, programu iliyobuniwa na Carsten Munk, ambayo kazi yake yafanana na ya mkalimani. Mwaka 2017 ulianzishwa mradi wa Halium ili tabaka za chini zitengenezwe kwa utaratibu mmoja, badala ya kila mhamishaji kuanza upya.

Utaratibu huu unaeleza kwa nini sasisho lina hatari. Sasisho la Ubuntu Touch huja katika mafurushi. Furushi moja ni la pamoja, linalotumiwa na simu za aina nyingi. Jingine ni la kifaa, lenye kiini na vitu vinavyohusu simu hiyo tu. La kwanza hutayarishwa na jumuiya nzima, la pili na mhamishaji. La pamoja likisonga mbele na la kifaa likabaki nyuma, mkalimani hukuta kwamba lugha ya upande mmoja imebadilika.

Hatua za Sasisho na Hitilafu Zake

Sasisho hupitia hatua nne: kupakuliwa, kuthibitishwa, kuandikwa na kuwashwa. Kila hatua ina dalili zake.

Katika kupakua, simu huuliza seva ikiwa kuna toleo jipya katika mkondo wake. Mikondo ni mitatu: thabiti, wa majaribio ya mwisho, na wa maendeleo. Simu isiyopata sasisho lolote huenda imesajiliwa katika mkondo ambao haupokei tena matoleo. Sababu nyingine ni saa. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji huweza kurudi kwenye tarehe ya kale. Vyeti vya usalama vya seva huonekana bado havijaanza kutumika, na mawasiliano hukataliwa. Kusahihisha tarehe hutosha. Nafasi nayo ichunguzwe: sasisho hushuka katika fungu la hifadhi ambalo mtengenezaji alilitengea kazi nyingine, na katika simu fulani fungu hilo ni dogo mno.

Katika kuthibitisha, kila furushi hulinganishwa na saini yake ya kidijitali. Saini isipolingana, sasisho hutupwa. Kufanya hivyo si ukaidi wa mfumo. Furushi lililoharibika njiani, au lililochezewa, halistahili kuandikwa juu ya lile lililo zima. Dawa ni kulipakua upya. Kuzima ukaguzi huo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Katika kuandika, simu hujizima na kuingia katika mfumo wa uokozi, ambao ni mfumo mdogo unaojitegemea. Huko husoma faili iitwayo ubuntu_command, yenye orodha ya mambo ya kutekelezwa. Hapa kuna kosa la mara kwa mara. Mtumiaji huwa ameweka mfumo wa uokozi wa asili nyingine, ambao ni mzuri kwa kazi zake lakini haujui kuisoma faili hiyo. Simu huwaka tena ikiwa na toleo lile lile la zamani, na sasisho huonekana limetoweka bila neno. Mwenye dalili hii asiuguse mfumo mkuu. Aurudishe mfumo wa uokozi uliokusudiwa.

Fungu la mfumo mkuu nalo hukusudiwa kusomwa tu. Mtumiaji anaweza kulifungua na kuongeza programu zake ndani, lakini nyongeza hizo hujaza nafasi, na sasisho linapokuja huweza kuzifuta. Kabla ya kumlaumu mhamishaji, ni vyema kuuliza ni nini kilichoongezwa.

Kuwashwa ndiko kwenye matatizo mengi zaidi, na hapa ni lazima dalili zitofautishwe. Simu inayojizima na kuwaka mfululizo bila kupita nembo ya mtengenezaji huelekeza kwenye kiini. Simu yenye kioo cheusi, ambayo hata hivyo inajibu inapounganishwa na tarakilishi kwa waya, imekwisha kuwaka. Kilichoshindwa ni michoro au kasha la Android. Simu inayowaka vizuri lakini ikakosa Wi-Fi yaweza kuwa na kiini cha toleo moja na viendeshi vya toleo jingine. Dalili hizi tatu huitwa kwa jina moja, "simu imekufa", ilhali ni magonjwa matatu.

Jambo jingine la kuangaliwa ni toleo la programu za mtengenezaji. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, programu hizo ziliwekwa katika fungu lake peke yake, na mifumo iliyohamishwa ikaanza kuzitumia zikiwa hapo hapo. Uhamishaji uliojengwa juu ya Android 9 hutarajia programu za Android 9. Ndiyo maana maelekezo ya Google Pixel 3a yalitaka simu irudishwe kwanza kwenye Android 9. Anayenunua simu ya mkononi mwa mtu na kuisasisha hadi Android mpya kabisa, akidhani anaitayarisha, huenda ndiye anayeubomoa msingi.

Msingi Unapobadilishwa

Masasisho madogo hurekebisha. Yako mengine yanayobadilisha msingi wote. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 16.04 ulikoma Aprili 2021, hivyo UBports ilibidi ihame. Toleo la kwanza la Ubuntu Touch lenye msingi wa 20.04 lilitolewa Machi 2023. Katika uhamaji huo, programu inayoanzisha huduma zote ilibadilishwa kutoka Upstart hadi systemd, na systemd hudai uwezo fulani katika kiini. Viini vya simu kuukuu havikuwa nao, na kuvijenga upya kulihitaji mtu mwenye simu hiyo, ujuzi na muda. Baadhi ya simu hazikuvuka. Hapo hakuna hitilafu ya kutafutwa. Kuna kazi iliyokosa mtu wa kuifanya. Mtumiaji anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kuliko kuhimizwa kujaribu tena na tena.

Ushahidi na Taarifa

Kila tabaka huandika daftari lake la matukio. La kiini husomwa kwa dmesg, la huduma kwa journalctl, na la kasha la Android kwa logcat. Mfumo wa uokozi nao huacha kumbukumbu ya kila ulichoandika. Simu ikianguka kabla ya kuwaka, viini vingi huweza kuhifadhi maneno yake ya mwisho katika sehemu ya kumbukumbu isomwayo simu iwakapo tena, mradi isizimwe kabisa kati ya hapo. Anayechomoa betri kwa hasira huchoma barua kabla ya kuisoma.

Taarifa ya hitilafu ni aina ya masimulizi, na ubora wake hutegemea mfuatano. Yataje aina ya simu, toleo la awali, mkondo, hatua iliyofikiwa na kilichoonekana kiooni, kwa utaratibu wa wakati. Sentensi kama "nilisasisha ikaharibika" haimsaidii mhamishaji aliye bara jingine. Mwenye kuandika vizuri humpunguzia mwenzake siku nyingi za kubahatisha, na stadi hiyo haihitaji kujua misimbo.

Hitimisho

Haraka haraka haina baraka. Wengi hufuta simu nzima sasisho linapokwama, wakapoteza picha, barua na ushahidi kwa pamoja, na sasisho linalofuata likakwama pale pale. Data ya mtumiaji hukaa katika fungu tofauti na mfumo, kwa hiyo mara nyingi mfumo huweza kuwekwa upya bila kuifuta. Hata hivyo, nakala itolewe kabla ya kila sasisho. Atakayetambua kwanza hatua, kisha tabaka, kisha mshono, atajua la kurekebisha na la kuacha. Atajua pia ni lini tatizo limemzidi, na lini mhamishaji anahitaji kuandikiwa.