Ndani ya Swichi Kuna Mwanafalsafa

Chukua betri, balbu ndogo na swichi mbili. Zifunge swichi zifuatane kwenye waya mmoja, na balbu haitawaka mpaka uwashe ya kwanza na ya pili. Sasa zipange sambamba, kila moja na njia yake. Ukiwasha ya kwanza au ya pili, balbu inawaka. Ukiwasha zote mbili, inawaka vilevile. Hapo umeshatengeneza "na" na "au" kwa waya. Simu iliyo mfukoni mwako imejaa swichi za kazi hiyohiyo, kwa mabilioni, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona.

Miongoni mwa waliolifumbua jambo hili ni Claude Shannon, Mmarekani, akiwa na umri wa miaka 21. Katika Chuo Kikuu cha Michigan alisomea uhandisi wa umeme na hisabati, na humohumo akachukua somo la falsafa. Ndiko alikokutana na mantiki ya George Boole, Mwingereza aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba hoja zinaweza kukokotolewa kama hesabu. Mafundi umeme wengi hawakuwa na habari nayo. Shannon alipofika MIT, akapewa kazi kwenye mashine kubwa ya kukokotoa yenye swichi chungu nzima za umeme, aliitambua sura ya Boole ndani ya nyaya zile. Tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1937 ni msingi wa kompyuta zote tunazotumia leo. Kisa hiki hunijia kila ninapomsikia mzazi akimwonya mwanawe kwamba falsafa haina ajira.

Mwaka 2012, karne moja tangu azaliwe mwanahisabati Alan Turing, Chuo Kikuu cha Oxford kilipokea wanafunzi wa kwanza wa shahada inayounganisha sayansi ya kompyuta na falsafa. Ni miaka mitatu, au minne kwa anayetaka kufika umahiri. Mwaka wa kwanza wanajifunza kuandika programu, hisabati na mantiki, na kuna somo zima la kusoma maandishi mawili ya Turing, la mwaka 1936 na la mwaka 1950.

Utamu uko kwenye lile la kwanza. Wanahisabati walikuwa wakiuliza kama kuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kauli yoyote ya hisabati kama inathibitika au la. Turing aliona kwamba swali halijibiki mpaka kwanza ijulikane "kukokotoa" maana yake nini. Akamtazama karani mwenye penseli na karatasi ya miraba: anasoma alama, anaifuta, anaandika nyingine, anahamia mraba wa pili. Akaondoa kila kisicho cha lazima, karani naye akaondoka, ikabaki mashine. Jibu likawa hapana, utaratibu huo haupo. Lakini katika kulitafuta alikuwa amechora ramani ya kompyuta kabla haijajengwa, na alianzia kwenye swali la maana ya neno, lile lile ambalo watu huwacheka wanafalsafa kwa kuliuliza.

Hakuishia hapo. Mwaka 1939 alikuwa akihudhuria mihadhara ya mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein huko Cambridge, wakibishana kama mkinzano ndani ya hisabati unaweza kuangusha daraja. Na andiko lake la mwaka 1950, linalouliza kama mashine inaweza kufikiri, lilichapishwa katika *Mind*, jarida la falsafa.

Sisi wa Kiswahili tuna mahali petu pa kuona falsafa ikikutana na kompyuta. Andika "yeye ni daktari, yeye ni muuguzi," uipe mashine itafsiri kwa Kiingereza. Hujataja mwanaume wala mwanamke. Mashine, kwa kuwa imejifunza kutokana na maandishi ya watu, mara nyingi imekuwa ikimfanya daktari mwanaume na muuguzi mwanamke. Kurekebisha programu si kazi kubwa. Kazi iko kwenye kuamua irekebishwe iweje: ifuate wingi wa maandishi yalivyo, impe msomaji majibu mawili, au ikiri kwamba haijui? Mwandishi wa programu analijibu swali la haki hata kama darasani hakuwahi kuulizwa, kwa sababu lazima aandike kitu.

Kijana wetu anayemaliza kidato cha nne, akiwa mkali wa hesabu na mpenzi wa mijadala, hukutana na swali la tahasusi: sayansi au sanaa? "Au" hiyo si ile ya swichi mbili zilizopangwa sambamba. Ni ya chai au kahawa, ukishika kimoja umeachia kingine, naye ana miaka kumi na saba tu. Natamani fomu ya kuchagua tahasusi iwe na nafasi ya kuweka tiki mbili.