Maneno ya Ridhaa: Juu ya Lugha ya Majaribio ya Dawa, Karatu na Ngorongoro

Katika makala hii nakusudia kuzungumza juu ya maneno machache ambayo mtu hukutana nayo anapoombwa kushiriki katika jaribio la dawa. Maneno yenyewe si mengi wala si mageni: kujaribu, kura, bandia, kujitoa, kujitolea. Kila msomaji wa jarida hili ayajua tangu utoto wake. Walakini nimepata sababu ya kuyatazama upya, nami naona ni haki nianze na sababu hiyo, maana pasipo hiyo msomaji angeweza kudhani kwamba nimeyaokota kamusini.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa, jicho langu moja lilififia kwa majuma kadhaa, kisha likarudi. Baadaye miguu ikaanza kufa ganzi. Nikaambiwa kwamba ni maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao Charcot, mganga wa Paris, aliueleza kwa ukamilifu mwaka 1868. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe ikaitafuna ala inayofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Nasema ala kwa makusudi, kama ala ya kisu, kwa kuwa sijaona neno jingine linalofaa zaidi. Mahali palipotafunwa hubaki kovu gumu, na habari zipitazo hapo huchelewa au hupotea njiani. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 2.8 walikadiriwa kuwa na ugonjwa huu duniani, na walio wengi hukaa mbali na Ikweta. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 juu ya askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba aliyeambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari yake huongezeka mara 32. Lakini kirusi hicho karibu watu wazima wote wanacho, kwa hiyo hicho peke yake hakitoshi kuwa sababu.

Hata jina la ugonjwa lilinipa taabu. Kiswahili hutumia neno mshipa kwa njia ya damu, kwa njia ya fahamu, na pia kwa ngiri. Niliporudi Karatu kwa likizo nikawaambia jamaa kwamba nina "ugonjwa wa mishipa", wanaume waliinamisha macho kwa heshima na wanawake wakaondoka barazani. Ilinichukua siku mbili kutambua walichokielewa.

Basi daktari aliniuliza kama ningekubali kuingia katika jaribio la dawa mpya. Nikapewa karatasi nyingi za Kiingereza, nikazisoma, nikatia sahihi. Jioni nikampigia simu mama yangu, Karatu. Tulianza kwa Kiiraqw, tukaishia kwa Kiswahili, kwa sababu kwetu mambo ya hospitali husemwa kwa Kiswahili. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyefundisha sarufi miaka kadhaa hatashindwa kumweleza mama yake jambo alilolisoma na kulikubali saa nne zilizopita. Nilishindwa.

Nilisema, "Mama, wanajaribu dawa." Akauliza, "Wanaijaribu dawa, ama wanakujaribu wewe, mwanangu?" Swali lake ni swali la sarufi. Kitenzi jaribu hukubali kitu na hukubali mtu, na maana hubadilika. Kujaribu dawa ni kutazama kama yafaa. Kumjaribu mtu ni kumtia katika mtihani ili ionekane moyo wake una nini, na wingi wa jina lake, majaribu, ndilo neno la mahubiri kwa mateso yaletwayo na Shetani. Mtu asemapo "watoto wamejaribiwa dawa", mtendwa ni nani? Sentensi haisemi. Wengine hukimbilia utafiti, ambalo ni neno safi, lakini laficha jambo: mtu aweza kutafitiwa kwa kuulizwa maswali tu, pasipo kumeza kitu. Mimi naona heri kusema "kupima kama dawa yafaa", ingawa ni maneno manne mahali pa moja.

La pili lilikuwa kura. Katika jaribio la namna hii mgonjwa hachagui dawa, wala daktari wake hamchagulii. Huachwa kwenye bahati, ili makundi mawili yafanane kwa kila jambo ila dawa. Jaribio lililofanya njia hii ijulikane sana ni lile la streptomaisini kwa kifua kikuu, lililotangazwa Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa hesabu za bahati alizozipanga Bradford Hill na kutiwa katika bahasha zilizofungwa: 55 walipata dawa pamoja na kulazwa, 52 walilazwa tu. Dawa ilikuwa haba mno baada ya vita, isingewatosha wote kwa vyovyote, hata mtu aweza kusema kwamba kura ilikuwa ndiyo haki. Lakini hao 52 hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio.

Neno kura latoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni hii hasa: kuacha jambo kwa bahati. Lakini tangu siku za uchaguzi wa kudai uhuru, "kupiga kura" kwa watu wetu ni kuchagua kwa hiari yako mwenyewe. Neno limepinduka. Nilipomwambia mama kwamba dawa yangu itapatikana kwa kura, aliuliza, "Na wewe ulimpigia nani?" Nikabadili nikasema "bahati nasibu", hilo nalo lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa bahati nasibu ina zawadi, na anayekosa zawadi ameshindwa. Jaribio halina mshindi. Kama ingejulikana kwamba dawa mpya ni bora, isingekuwa halali kumnyima mtu yeyote. Kura yapigwa kwa sababu hakuna ajuaye. Jambo hili la kutojua ndilo kiini, nalo ndilo gumu kuliko yote kusemwa mbele ya mgonjwa anayetumaini kwamba daktari ajua.

Sasa nafika kwenye neno linaloniudhi. Kidonge kilichofanywa kifanane na dawa nacho hakina dawa ndani yake, sisi twakiitaje? Wengi husema "dawa bandia". Katika Tanzania dawa bandia ni dawa za kughushi, zile ambazo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huzisaka madukani na kuziteketeza, na mwenye kuziuza hushitakiwa. Mwuguzi anayemwambia mama wa Endulen, "Huenda mtoto wako akapewa dawa bandia," amemwambia kwa Kiswahili sanifu kwamba huenda akatendewa jinai. Wako waliopendekeza "kipozauongo". Kwa muundo ni neno lililoungwa vizuri, nami nalisifu kwa muundo wake. Lakini lampa mgonjwa uongo mkononi, hali ridhaa yote yasimama juu ya kusema kweli. Mimi nasema "kidonge kitupu", kama kikombe kitupu. Mzee mmoja wa Kimaasai niliyemweleza hivi, katika njia ya kwenda Ngorongoro, alicheka akasema kibuyu kitupu nacho hubebwa safarini.

Yafaa niongeze kwamba si kila jaribio huacha upande mmoja mikono mitupu. Ocrelizumab, dawa ya ugonjwa wangu ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, ililinganishwa na interferoni, dawa iliyokwisha kukubaliwa, kwa wagonjwa 1,656 katika majaribio mawili ya majuma 96. Moja hutiwa mshipani kila majuma 24, nyingine huchomwa chini ya ngozi mara tatu kwa juma. Ili mtu asitambue yuko upande gani, kila mmoja alipata zote mbili, moja ikiwa na dawa na nyingine tupu. Kadhalika katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililowahusu watoto 15,459 katika nchi saba, Korogwe na Bagamoyo zikiwamo, watoto wa kundi la kulinganishwa walipewa chanjo ya ugonjwa mwingine, hivyo hakuna aliyechomwa sindano isiyo na faida. Neno bandia haliwezi kubeba tofauti hizi.

Kuficha huko ndiko wenzetu wa lugha nyingine hukuita upofu, na wafasiri wetu wameandika "upofu wa pande mbili". Katika nchi ya Wamaasai, ambako trakoma ingali ikiwapofusha wazee, tafsiri hiyo ni ya mtu asiyetoka ofisini. "Siri ya pande mbili" yatosha.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mashaka ya mtu mmoja aliyeugulia ugenini. Sivyo. Haydom iko katika wilaya ya Mbulu, ambayo Karatu yetu ilikuwa sehemu yake hadi ilipotengwa miaka ya 1990. Katika hospitali ya Kilutheri ya huko, iliyofunguliwa mwaka 1955, kati ya Septemba 2017 na Agosti 2018 waliandikishwa watoto 1,188 waliokuwa hawajapita siku 14 tangu kuzaliwa. Ilitakiwa kujulikana kama azithromaisini na nitazoksanaidi kwa vipindi maalumu, au nikotinamaidi ya kila siku, zingewaongezea watoto kimo. Makundi yalikuwa manne: wenye dawa za vijidudu, wenye nikotinamaidi, wenye zote, na wenye tupu zote. Matokeo yalitolewa mwaka 2021, nayo ni kwamba dawa hizo hazikuwaongezea kimo. Hilo ni jibu, tena jibu la thamani, maana laokoa watoto wengine wasimezeshwe dawa bure. Lakini fikiri juu ya mama mwenye mtoto wa siku kumi mgongoni. Huyu ni Mwiraqw, msemaji wa lugha ya Kikushi ambayo Whiteley aliiandikia maelezo mafupi mwaka 1958 na Mous akaitolea sarufi kamili mwaka 1993. Jirani yake ni Mdatoga, ambaye lugha yake ni ya Kiniloti. Na kuelekea ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu. Fomu ni ya Kiswahili. Kwa wote watatu Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu.

Na katika fomu hiyo ya Kiswahili, kama zilivyo nyingi, ziko sentensi mbili ambazo sheria yazilazimisha. Ya kwanza husema kwamba mshiriki anajitolea. Ya pili husema kwamba aweza kujitoa wakati wowote. Baina ya kuingia na kutoka pana silabi moja! Sisi tuliozaliwa na Kiswahili masikioni twaisikia kauli ya kutendea bila taabu. Aliyejifunza sokoni haisikii, hasa ikisomwa mbio na mtu aliyekwisha kuisoma mara ishirini siku hiyo. Ongeza kwamba "kujitoa mhanga" ni kufa kwa ajili ya wengine. Haki kubwa kuliko zote, haki ya kuondoka, imetiwa katika neno jembamba kuliko yote. Kwa nini isiandikwe "unaweza kuacha, na utatibiwa kama kawaida"? Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilipotazamwa upya mwaka 2024, madaktari wa dunia walibadili neno walilokuwa wakiwaita watu hawa, wakachagua lenye maana ya washiriki. Kiswahili kilikuwa na mshiriki zamani. Jina tumelipata mapema. Vitenzi ndivyo vilivyobaki nyuma.

Mimi sikujitoa. Jaribio lilipokwisha bahasha ilifunguliwa, nikaandikiwa kwamba nilikuwa upande wa dawa ya zamani. Nilimweleza mama, safari hii nikiwa nimekaa naye nyumbani Karatu, bila neno kura, bila neno bandia, bila neno lolote nililolilaumu hapa. Alielewa. Akanyamaza kitambo akichambua maharage, kisha akauliza, "Na yule mwenzako aliyepewa ile mpya, yu hali gani?"

Nikamwambia kwamba simjui, wala hairuhusiwi nimjue.