Mgeni Mombasa: Jua maji unayovuka kabla ya kupanda matatu

MGENI anayewasili Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza kuhudumu 2017, hushuka Miritini, bara ya magharibi, wala si kisiwani kama wengi wanavyodhani. Kutoka hapo, asiyejua mpangilio wa mji huweza kupoteza saa nyingi na fedha.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Katikati ya mji ni kisiwa, na njia za matatu hutegemea mahali pa kuvukia maji. Magharibi, barabara ya Makupa hukiunganisha kisiwa na Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi na Miritini. Kaskazini, Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, huelekea Kongowea, Bamburi na Mtwapa. Kusini, abiria huvuka mlango wa Likoni kwa feri.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza nauli, mgeni aulize kwanza: niendako ni ng'ambo ipi?

Anayekwenda Diani, kwa mfano, hutafuta matatu ambayo makanga wake ananadi “Feri”. Akifika, hushuka na kuvuka kwa miguu bila malipo, kwani ada hutozwa magari. Ng'ambo ya Likoni hupanda matatu nyingine ya Ukunda, na kutoka Ukunda humalizia safari kwa tuktuk au bodaboda.

Kivukoni yapasa kuwatii walinzi na kutosukumana. Mwaka 1994, zaidi ya watu 250 walifariki feri iliyojaa kupita kiasi ilipozama Mtongwe. Mwaka 2019, watu wawili walikufa gari lao lilipoteleza kutoka kwenye feri na kutumbukia baharini.

Suala jingine ni wakati. Asubuhi wafanyakazi humiminika kutoka Likoni kuja kisiwani, na jioni hurejea. Anayetoka Diani kuwahi treni atavuka feri, akate kisiwa chote, kisha apite Changamwe penye malori ya bandari. Stesheni nako mizigo hukaguliwa kwanza, na treni haimngoji mtu. Mwenye gari aweza kuikwepa feri kwa kupitia barabara ya Dongo Kundu.

Kuhusu nauli, ni vyema kuiuliza kabla ya kupanda, hasa wakati wa mvua au msongamano, ambapo hupandishwa ghafla. Mgeni abebe pesa ndogo ndogo, na akiwa na shaka, amuulize abiria aliyeketi kando yake.